Sakafu ya Bibi

6 Februari

Babu, mume wangu,

Shikamoo. Mpe na Bibi, mke mwenzangu, shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua unavyosoma barua nzima kimyakimya halafu unamsimulia vipande unavyotaka wewe. Mimi mzima. Kikohozi kimeniachia. Bwenini bado tuko wanne kwa dirisha moja, na yule wa kitanda cha juu anakoroma kama ana mashine ya kukoboa kifuani.

Wenzangu wananicheka wakiniona na kalamu na bahasha. Nawaambia babu yangu alifanya kazi kiwanda cha kufuma nguo mpaka mitambo ikamla masikio, na simu kwake ni kipande cha plastiki tu.

Habari kubwa ya huku ni mashindano. Sisi wa usanifu majengo tumegawanywa makundi, kila kundi libuni chumba kimoja kwa ajili ya mtu halisi, kisha lijenge pembe ya chumba hicho uwanjani kwa ukubwa wake wa kweli. Masharti yake sasa! Hakuna kununua kitu kipya. Hakuna saruji, hakuna tofali lililochomwa. Kila kitu tukitafute wenyewe karibu na chuo na tukibebe wenyewe. Mwalimu wetu tumempa jina la Kilo, kwa sababu ukimwonyesha mchoro mzuri namna gani, atakuuliza, "Una kilo ngapi?" Na swali lake la pili ni baya zaidi: "Nyumba yako ikifa, itazikwa wapi?" Darasa zima tulicheka. Yeye hakucheka.

Babu, barua zako mbili zilizopita hazikuwa na mstari wa Bibi kule chini. Siku zote lazima aandike "Kula" au "Usipunguze pindo la sketi." Nimemkosea nini?

Mjukuu wako


3 Machi

Mke wangu mdogo,

Marahaba, na bibi yako anasema marahaba mbili. Sisi hatujambo. Mjomba wako amepandishwa cheo huko idara ya maji, sasa ana meza yenye droo. Kinyozi wa jirani amenunua redio, mtaa mzima unamlalamikia isipokuwa mimi, kwa hiyo mimi ndiye rafiki yake mpenzi. Ananinyoa bure.

Hayo mashindano yenu sijayaelewa. Tumekusomesha miaka yote hii utoke kwenye udongo, na wewe mwalimu wako anakurudisha humo humo? Lakini huyo Kilo namkubali. Mtu asiyejua uzito wa kitu hajakijua. Mwambie nimesema.

Bibi yako hana nafasi ya kuandika, ana nguo za watu. Pindo wangu unamjua, akishika sindano dunia ingoje. Usiwe na wasiwasi.

Nyumba iko vizuri. Nimebadilisha kitasa cha mlango wa mbele na nimehamisha kitanda chetu, sasa kiko pale pale mlangoni. Ni joto tu.

Kula vizuri. Hilo ni lake, nimemwandikia mimi.

Babu yako


19 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi mikono yangu imekuwa kama ya mbeba zege. Tumeshindilia ukuta wa udongo kwa vipande vya magogo tangu wiki iliyopita, na siku ya pili mvua ikatunyeshea kabla hatujaufunika, ukalainika wote kama uji. Mwenzetu mmoja alikaa chini akalia. Kilo akaja, akauchungulia, akasema, "Mmejifunza nini?" Tukasema tumejifunza kufunika. Akasema, "Basi haujapotea. Koroga upya." Na kweli, udongo ule ule tuliukoroga, tukaushindilia tena. Ungekuwa zege tungelitupa wapi? Hapo ndipo masharti yake yalianza kuniingia, Babu. Mwanzoni niliona ni ukorofi wa mzee.

Kundi letu tumebishana sana tujenge chumba cha nani. Mmoja alitaka chumba cha mwanamuziki, wa pili alitaka sebule ya bosi, eti majaji wanapenda. Mimi nikasema chumba cha babu na bibi yangu. Wakaguna, "Chumba cha wazee?" Lakini nikawaelezea mlivyo, wewe usiyesikia na Bibi anavyokugusa bega mtu akipiga hodi, na maziwa yakifurika, na mimi nilipokuwa nikilia utotoni. Wakakubali.

Ndiyo maana nikaanza kukichora chumba chenu kwa kumbukumbu, na kalamu ikakwama kwenye kitanda. Babu, chumba kile nimelala mimi. Hakijawahi kuwa na joto. Dirisha liko nyuma, mlangoni ni penye upepo wa miguu ambao Bibi anauchukia. Kwa nini mnalala mlangoni? Na kitasa kilikuwa na ubaya gani?

Niandikie la kweli. Nimeshakuwa mtu mzima.

Mjukuu wako


28 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Bibi yako anasahau. Si kusahau miwani, hiyo tunasahau sote. Alianza kwa kushona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja. Tukacheka. Kisha akaniuliza cherehani ni ya nani. Sikucheka.

Zamani tuligawana kazi. Yeye alikuwa masikio yangu na mimi nilikuwa miguu yake sokoni. Sasa nimekuwa na kumbukumbu zake pia, na ningezibeba zote bila kulalamika, mke wangu, ila kuna jambo moja siliwezi. Anaondoka. Anafungua mlango na kwenda, na mimi nimelala ubavuni pake kama gogo, sisikii kitasa, sisikii bawaba, sisikii kitu.

Mara ya kwanza alirudishwa na mlinzi wa shule ya msingi. Alimkuta getini alfajiri, amevaa vizuri, amesimama. Mlinzi akamuuliza, "Mama, unamngoja nani?" Akamjibu, "Namngoja binti yangu. Leo wamechelewa kutoka." Kinyozi ndiye aliyeniandikia maneno hayo kwenye karatasi ili nielewe. Binti aliyekuwa akimngoja ni mama yako, ambaye tulimzika wewe hujang'oa hata jino la utoto.

Baada ya hapo nikachukua utepe wa kitambaa, nikafunga mkono wake na mkono wangu tukilala. Umesahau yeye ni fundi? Anaufungua taratibu, hata ngozi haihisi. Kitasa kipya kiliniogopesha, nikawaza moto ukiwaka nani atafungua, nikaacha kukifunga. Basi nikasogeza kitanda, angalau anirukie. Hanirukii. Anapita pembeni kwa adabu, ili asiniamshe.

Mjomba wako anataka kumchukua. Ana mke, ana wasichana wakubwa, ana geti. Nimemwambia hapana, na nimemwambia kwa sauti, maana kinyozi alizima redio kusikiliza.

Usiache masomo. Sikukuandikia ili uache masomo.

Babu yako


10 Mei

Babu,

Shikamoo. Nililia mpaka wa kitanda cha juu akashuka. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo, karatasi italowa.

Nilimpelekea Kilo barua yako. Nisamehe, ni ya kwetu, lakini sikuwa na mwingine. Aliisoma amesimama, akavua miwani, akasema, "Sasa una mteja. Mteja wako anahitaji nini?" Nikasema anahitaji kusikia. Akasema, "Hapana, masikio hutampa wewe. Anahitaji kujua. Mtu anaweza kujua kwa njia gani nyingine?"

Nikakumbuka jambo ulilowahi kuniambia nilipokuwa mdogo, kwamba kiwandani ulikuwa unajua mtambo wa mwisho kabisa umesimama hata kama umeupa mgongo. Nikakuuliza umejuaje, ukanyoosha kidole kwenye miguu yako.

Babu, chumba chenu kina sakafu ya saruji. Tumeijaribu ya hapa chuoni. Nilijifunga kitambaa machoni, nikajaza pamba masikioni, nikalala juu ya kitanda, wenzangu wakatembea. Sikujua chochote. Tukajaribu udongo ulioshindiliwa, vilevile, kimya. Kisha tukachukua mbao za ghala la zamani lililobomolewa nyuma ya chuo, ngumu, nyeusi kwa umri, tukazipigilia juu ya boriti ndefu zilizokaa juu ya mawe. Boriti zinaanzia kizingitini na kuishia chini ya miguu ya kitanda. Nikalala. Mwenzangu akakanyaga kizingiti, ukanipanda mtetemo kama mtu amenigusa bega. Baada ya siku chache nikawa najua hata ni nani anayepita.

Nilikuwa nadhani mbao kuukuu tunazitumia kwa sababu ni za bure na hatukati mti mpya. Sasa naona zina kazi ambayo saruji haiwezi, hata uilipe nini.

Subiri kidogo. Mwambie Mjomba asubiri. Na mwambie Bibi nampenda, hata kama atauliza ni nani anayempenda.

Mjukuu wako


16 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Huku mvua zimekatika. Kinyozi hajambo.

Mjomba wako alikuja Jumapili na gari la kazini. Bibi yako alikuwa ametoka tena, akaangukia mtaroni karibu na soko, akakwaruzika uso. Mjomba wako alimtazama uso ule, akanitazama mimi. Sikubishana. Nilikunja nguo zake mwenyewe. Mimi hawakuniacha kwa ubaya, kwake kuna vyumba viwili na watu saba, na nani angelinda nyumba? Bibi yako alipanda gari vizuri, akanipungia mkono kama unavyompungia dereva.

Nimekwenda kumwona mara mbili. Hii ya pili nitakusimulia halafu usiniulize tena.

Nilimkuta amekaa barazani, amechanwa nywele, amependeza. Midomo yake ndiyo pekee duniani ninayoisoma bila kukosea. Akasema, "Karibu, baba. Ila mume wangu hayupo, yuko kiwandani. Atarudi jioni." Nikamwambia hamna neno, nitamngoja. Akanitengea kiti. Tukamngoja. Akanieleza habari zake, kwamba ni mtu mwema, masikio yanaanza kumsumbua lakini hataki kukiri. Nikamuuliza kama anampenda. Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, sikuona jibu.

Jioni ilipofika nilisimama, nikatoka hadi nje ya geti, nikavua kofia, nikaingia tena. Nikasema, "Pindo, nimerudi." Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Bado hajaja, baba. Leo wamemchelewesha."

Nikaenda kupanda basi.

Mashindano yako yaendelee. Waambie wenzako ahsante kwa kukubali chumba cha wazee.

Babu yako


5 Julai

Babu yangu,

Shikamoo. Sitauliza.

Hukumu ilitoka juzi. Tumekuwa wa tatu. Wa kwanza ni kibanda cha mianzi cha mama muuza mboga, na kwa kweli ni kizuri, unaweza kukifungua kwa mkono na kukihamisha. Kwetu jaji mmoja alipanda kwenye sakafu, akaruka kidogo, akasema, "Sakafu nzuri haitikisiki." Nilitaka kumjibu, nikawahiwa. Kilo akamwomba alale kitandani afumbe macho. Akalala, na tai yake na viatu vyake, uwanja mzima ukitazama. Mimi nikapita kwenye kizingiti bila viatu, kwa kunyata, kama Bibi. Jaji akafumbua macho na kuinua kichwa. Alama alikuwa ameshaandika.

Kisha Kilo akazunguka na swali lake kwa kila kundi. Chumba kikifa, kitakwenda wapi? Udongo wetu tulisema utarudi shimoni ulikotoka. "Na mbao?" Nikasema, "Kwa babu yangu." Akaitikia kwa kichwa, akasema hilo ndilo jibu pekee la siku nzima aliloliamini.

Likizo ikianza nakuja nazo. Wenzangu wawili wanakuja pia, yule aliyetaka sebule ya bosi ndiye aliyeomba kwanza. Dereva wa lori la chuo amekubali. Nimemwandikia Mjomba kurasa nne na michoro. Amejibu kwa mstari mmoja: sakafu ikikaa na kufanya kazi, tutajaribu.

Njiani nitapita kwake kumwona Bibi.

Mjukuu wako


21 Septemba

Mke wangu mdogo,

Marahaba, marahaba sana. Nyumba imekuwa kimya tangu mwondoke, ingawa kwangu mimi iko kimya siku zote. Wale wenzako wasalimie, hasa yule mrefu aliyejigonga nyundo kidoleni na kusema maneno ambayo nashukuru sikuyasikia.

Mjomba wako alikuja Jumamosi kufanya mtihani. Alinilaza kitandani na kunifunika uso kwa shuka kama maiti, akaingia na kutoka, akaingia na kutoka. Kila alipokanyaga nikainua mkono. Alijaribu kunidanganya, akavua viatu. Nikainua mkono. Akatuma binti yake. Nikasema huyo si wewe. Alikaa chini kwenye mbao, akajifuta uso.

Atamleta mwisho wa mwezi ujao, wasichana wakifunga shule, ili mmoja akae nasi. Nimepangusa cherehani. Nimepaka kuta chokaa. Sijawahi kujiona mpumbavu kiasi hiki tangu siku niliyopeleka posa.

Babu yako


4 Novemba

Babu,

Shikamoo. Nimefika salama. Sijui kwa nini naandika kwamba nimefika salama, huwa tunaandika hivyo.

Wiki tatu tu zilikuwa zimebaki Bibi aje. Kifua kikambana. Mjomba anasema alilala mchana na hakuamka, na anarudia neno "mchana" kwa kila mtu kana kwamba kuna mtu anamlaumu. Usimlaumu, Babu. Nilimwona makaburini ameshika mkoba wa Bibi mpaka watu walipoondoka, hakujua ampe nani.

Kuna jambo sikukuambia. Mwezi wa saba nilipopita kwake, Bibi aliniona getini akasimama. Akaniita kwa jina la mama. Nilitaka kumwambia mimi ni mjukuu. Badala yake nikaitika, "Abee, mama." Akasema, "Mbona umechelewa leo?" Nikamwambia mwalimu alituchelewesha. Akanishika mkono, akaukagua upindo wa sketi yangu, akasema nimeukata mfupi mno. Kisha akasema, "Haya, twende nyumbani, baba yako atakuwa anatutafuta."

Nilikuja kwako siku iliyofuata, tukapigilia mbao, na sikukuambia. Niliona ungeumia kwamba mimi alinipokea na wewe alikukalisha umngoje mume wake. Nilimdanganya, Babu, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kuhusu sakafu. Nikifikiria ulivyolala juu yake peke yako, sipati usingizi. Wenzangu wako tayari kuja kuing'oa wikiendi yoyote. Kilo anasema shule ya watoto wasiosikia iliyo karibu na chuo ingezipokea mbao kesho.

Mjukuu wako


25 Novemba

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Kwanza, hukumdanganya. Alikuuliza swali ukamjibu. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, kinyozi akadhani nimepata habari mbaya, nikamsukumia karatasi asome, akafunga kibanda chake mchana kutwa. "Baba yako atakuwa anatutafuta." Basi nilikuwemo. Nimefurahi kwamba nilikuwemo.

Pili, hamtaing'oa. Wale watoto wasiosikia wanastahili sakafu, na mwambie Kilo aanzishe mashindano mwakani wabuniwe wao, na wewe uwafundishe wadogo zako kulala na pamba masikioni. Lakini hii ni yangu mpaka niondoke. Nikifa, kwa swali la mwalimu wako, chukueni mbao muwapelekee.

Sitakuficha, maana ukinikamata unanifokea. Inaniumiza. Inafanya kazi mno. Paka wa jirani akipita naamka. Mlango ukisukumwa na upepo naamka. Juzi alfajiri zilikuja hatua nyepesi kabisa, za mtu anayenyata asiniamshe, na mimi nikainuka na jina lake limeshanitoka mdomoni. Alikuwa binti wa mjomba wako, kaletwa kunipikia. Alisimama pale na birika, maskini, hajui aende wapi. Nikamwambia karibu, mama, karibu. Tukakaa kitandani tukalia wote wawili.

Lakini mtoto amekuja, si ndiyo? Na nikajua amekuja. Kwenye saruji ningekuwa nimelala tu kama gogo.

Mkifunga chuo, uje. Ukifika usipige hodi, utajichosha bure. Ingia tu, mke wangu, ukanyage kwa nguvu.

Babu yako